Ile Difu Tuliyoilisha Ndizi

Mwalimu Elieza alikuwa katikati ya kuniimbia. Msishangae, nitaeleza. Tulikuwa tumeshaipita Kimara, tunateremka kwenda Ubungo, yeye kashika usukani wa pikapu yake nyeupe, mie nimekaa pembeni yake nimevua viatu, nyayo zangu ziko juu ya bati la sakafu, nasikiliza. Akasema, "Haya sikia sasa, fundi, sauti ya pili hiyo inaingia," akafungua mdomo anionyeshe inavyoingia. Hakumaliza. Chini yetu kikalia kitu mara moja tu, paa, kama mtu kapiga pipa kwa rungu, na magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka. Breki hakukanyaga. Mguu wake niliuona kwa macho yangu, ulikuwa kwenye mafuta na alikuwa ameshauinua. Gari likakaa upande, nikaona mtaro unakuja dirishani kwake, na baada ya hapo sikuona kitu.

Mwalimu alifia palepale. Mie nilivutwa nje na watu waliokuwa wanauza mihogo pembeni ya barabara, mguu wa kulia umegeuka pale ambapo mguu wa mtu haugeuki.

Karatasi ya ajali iliandikwa: mwendo kasi na uzembe wa dereva. Mpaka leo imeandikwa hivyo. Na dereva mwenyewe ni mtu ambaye wanakwaya wenzake walikuwa wanamtania kwamba kuku wanampita barabarani.

Naandika haya kwa sababu ya karatasi ile. Nyie vijana mnaoshika spana leo mtaokota humu mawili matatu ya kazi, okoteni, ni halali yenu. Lakini msidhani nimekaa kuwasimulia ujana wangu. Kuna watu nataka wajibu na nitawataja kwa majina. La kwangu naanza nalo: naitwa Shomari, mzaliwa wa Tandika, fundi wa gia boksi na difu. Shule niliishia darasa la nne. Difu, kwa asiyejua, ni lile bonge la chuma lililopo nyuma chini ya gari, linalopokea nguvu ya injini na kuigawa kwenye magurudumu mawili ya nyuma. Ndani yake meno yanasagana siku nzima. Meno yakila vizuri hulisikii. Yakichoka, linalia.

Kazi nilifundishwa na Mzee Mwinshehe, kwenye karakana ya malori ya shirika moja la umma, Chang'ombe. Mtu mfupi, mkimya, kofia haimtoki kichwani hata akiwa chini ya lori. Yeye alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Dereva akileta gari na malalamiko, Mzee haendi kwenye gari. Anamtazama mtu usoni, anasema, "Liige."

"Niige nini, Mzee?"

"Gari lako. Linaliaje? Liige nisikie."

Basi hapo ndio tulikuwa tunapata kicheko cha siku. Watu wazima na heshima zao! Kuna mkubwa mmoja wa ofisi, tumbo lake limeingia karakana kabla yake, aliletwa na dereva, akaambiwa aige. Akaangalia huku, akaangalia huku, akakohoa kidogo, akatoa sauti: "Mbeeee, mbeee." Sie tuliokuwa chini ya malori tukabana midomo kwa matambara. Mzee hakucheka. Akamuuliza, "Huyo mbuzi analia ukikanyaga mafuta au ukiachia?" Yule bwana akafikiri, akasema ukiachia. "Basi ni difu, gia boksi yako nzima. Nenda kanywe chai." Hakuwa amegusa hata boliti.

Baadaye alinieleza. Gari likiwa na shida, mwenye gari ndiye analala nalo na kuamka nalo. Anajua kila kitu, ila hana majina ya vitu. Ukimkatisha kwa sababu hajui majina, umetupa nusu ya dawa. Na ukishamsikiliza, panda naye, vua viatu, weka nyayo kwenye bati. Kisigino kikitetemeka, shida iko gia boksi. Ukihamia kiti cha nyuma ukasikia unatekenywa zaidi, iko difu. Sikio linadanganywa na upepo na honi, unyayo hausikii honi.

Nilikaidi mara moja tu. Dereva kaleta lori, anasema gia ya tatu inaruka. Mie kijana, nimeshajiona daktari, sikumuuliza zaidi. Nikaishusha gia boksi, nikaifungua siku mbili, nikapanga meno kwenye gunia kama muuza dagaa. Hakuna kitu. Mzee akaja, akapanda ndani ya lori, akainama, akatoka na kipande cha zulia. Dereva alikuwa ametandika zulia jipya, linakizuia kijiti cha gia kisiende mpaka mwisho. Akaniambia, "Umempasua mgonjwa tumbo, kumbe kiatu kinambana." Nilitaniwa mwaka mzima. Wakiniona tu: "Shomari, zulia!"

Basi mjue nilifundwa. Asije mtu akasema Shomari hakufundwa.

Halafu ikaja ruksa ya watu binafsi kuingiza mali kutoka nje. Shirika letu likafa taratibu, kwanza vipuri, halafu matairi, halafu mishahara, halafu sie wenyewe. Na bandarini yakaanza kushuka magari ya mitumba, mengi, ya rangi ambazo hatukuwahi kuziona. Mwalimu anamiliki gari! Karani anamiliki gari! Kabla ya hapo gari la mtu binafsi mtaani kwetu lilikuwa la kuhesabu kwa vidole. Mzee Mwinshehe akafungua kibanda chake Temeke. Mie nikaenda Kinondoni kutafuta kibarua kwenye yadi za kuuzia magari.

Nyie mmezikuta hizi gari mkazizoea. Sie zilitukuta. Ile ya kwanza isiyo na klachi kuletwa kwangu, nilitafuta pedali ya tatu mpaka chini ya kiti. Mwenyewe, bibi mmoja wa Magomeni, analalamika, "Fundi, inanguruma lakini haiendi, kama mume wangu." Nikachungulia, oili imepungua. Nikajazia oili nzito ya gia, ile nene kabisa, nikijiambia kizito ndicho chenye nguvu, kama uji wa mzazi. Niliiua. Gia boksi zile zinataka oili nyepesi, yake maalumu, nyekundu. Na nikaua ya pili kabla sijajifunza. Bibi wa Magomeni alirudi mara nne. Mara ya nne nilimpa jibu ambalo mafundi wote wa mji huu tulikuwa tumeanza kulitoa, kwa sababu hatukujua na tuliona haya kusema hatujui. Nilimwambia, "Mama, hizi gari ndivyo zilivyo."

Ndivyo zilivyo. Mtu anakuja na gari linateleza, linashtuka, linanuka kuungua, anaeleza vizuri kabisa, na wewe unafuta mikono unamwambia ndivyo zilivyo. Anaondoka anajiona mshamba kwa kulalamika. Maneno mawili tu hayo, na nikiwapa ushauri mmoja tu wa kazi, ni huu: yafuteni midomoni mwenu.

Sasa nafika kwa Deodati.

Deodati alikuwa na yadi Kinondoni, magari yamepangwa mstari, yanaoshwa kila asubuhi. Kijana mtanashati, kalamu mfukoni, anamwita kila mtu braza. Alinichukua kwa sababu alisikia nimefundwa na Mwinshehe. Wiki ya kwanza nikamwambia pikapu tatu pale yadini difu zake zimechoka, zinalia.

"Fundi wangu," akasema, "mteja akiisikia hiyo sauti atanunua?"

"Hanunui."

"Basi asiisikie."

Mie sikubuni dawa ile, ilikuwepo mjini, na yeye alishaijua. Unga wa mbao kwa maseremala wa Keko, ule laini wa msasa. Ndizi mbivu zilizoanza kuwa nyeusi. Unakanda pamoja na grisi mpaka iwe kama ugali wa mtama, unafungua tundu la difu, unasukuma ndani. Tuliita kulisha. "Shomari, ile nyeupe imeshakula?" "Imekula, bosi." Difu iliyolishwa inanyamaza kama mtoto aliyepewa ziwa. Inanyamaza wiki tatu, mwezi. Kwenye mafunzo ya Mzee Mwinshehe difu ilikuwa kitu kinachosema. Mie nikawa fundi wa kuziba mdomo.

Msikie namna ya kuitambua, maana bado wapo wanaolisha. Gari la kulishwa asubuhi ni kimya kuliko inavyotakiwa, likipata moto linaanza kulia. Fungua tundu, chovya waya, nusa. Oili ya gia inanuka kiberiti. Iliyolishwa inanuka pombe ya kienyeji. Imimine kwenye sahani nyeupe kisha subiri: unga unatulia chini. Na ukishaiona, gari lisisogee hata hatua. Ule unga unanyonya oili, na beringi za ndani, zile pete za chuma zinazobeba meno, zinazunguka kavu mpaka ziungue, na zikiungua zinashika. Zikishika, magurudumu ya nyuma yanasimama, hata kama gari liko kwenye mteremko na ndani yake kuna mtu anaimba.

Mwalimu Elieza alikuja yadini na mkewe, Mama Upendo. Alikuwa anafundisha shule ya msingi huko Kimara, na kanisani kwao ndiye mwalimu wa kwaya. Walikuwa wanafuga kuku na wanataka pikapu ya kubebea mayai na pumba. Akaipenda nyeupe. Mie ndiye niliyempandisha kuijaribu. Alivyokuwa mtu wa sauti, alitega sikio njia nzima, akasema, "Imetulia sana hii." Nikamjibu, "Kama maji ya mtungini, Mwalimu." Alinipa mkono. Mkono wangu ulikuwa bado unanuka ndizi.

Mara ya kwanza alirudi baada ya wiki kadhaa.

"Fundi, gari inaimba."

Deodati akadakia, "Mwalimu wa kwaya na gari inayoimba, si mmepatana! Wenzio zao zinakohoa."

Watu wakacheka, Mwalimu naye akacheka. Halafu akasema, "Hapana, kweli. Inaanza na noti ya so, nikiongeza mwendo inakwenda la." Akaimba pale yadini, katikati ya magari, "Laaaaa," sauti imenyooka kama uzi wa fundi muashi. Bila kuambiwa aige! Mtu wa kwanza katika maisha yangu kuiga bila kuambiwa, na aliiga sawasawa, nilijua mpaka jino gani. Nikamwangalia Deodati. Nikasema, "Hizi gari ndivyo zilivyo, Mwalimu."

Mara ya pili alikuja na karatasi. Ameandika kama anavyoandikia wanakwaya: asubuhi, kimya; Ubungo, so; mchana kurudi, la, tangu mlangoni. Kwa mwandiko wa mwalimu, mzuri, nilioweza kuusoma hata mie. Ile karatasi ilikuwa na jibu lote. Deodati akamwagizia chai, akamkalisha kivulini, akaniambia, "Fundi, mbadilishie Mwalimu oili." Mkiwa mmenifuata mpaka hapa mmeshajua. Nikaenda nyuma nikailisha tena. Mara ya pili. Nilipotoka nafuta mikono, Mwalimu alisimama, akanishukuru, akaniletea kutoka kwenye gari trei ya mayai aliyokuwa amenibebea. Nikaipeleka nyumbani, watoto wakala.

Mara ya tatu hakuja yadini. Alikuja kwangu Tandika, Jumapili, ametoka ibadani na suti yake. Nadhani alishahisi pale yadini hapazungumziki. Mke wangu, Mama Zaituni, akamkaribisha kwa chai na mihogo. Mwalimu hakula. Aliniambia, "Bwana Shomari, mimi nimesimama mbele ya kwaya miaka mingi. Mtoto mmoja akiimba nje, namjua bila kugeuka. Zamani gari ile ilikuwa inaimba sauti moja. Sasa kuna wa pili ameingia, na anaimba nje. Nakuomba usiniambie ndivyo zilivyo."

Nilishindwa kumtazama. Sauti ya pili ni beringi. Beringi ikianza kuimba na yenyewe, hesabu yake ni siku.

Sasa hapa ndipo kosa langu lilipo. Kulisha lilikuwa kosa la kuagizwa. Hili lilikuwa la kwangu mwenyewe. Nilitakiwa niseme palepale, Mwalimu, gari lisiondoke, nakuja kulifungua uani kwako, tulipandishe kwa jeki na mawe. Kazi ya asubuhi moja. Sikusema. Kwa sababu nikilifungua uani kwake, atasimama pembeni, na mkewe atasimama, na ule uchafu utamwagika mbele yao, ndizi na unga wa mbao, na watajua ni nani aliweka. Nikataka nikalifungulie mahali ambapo hawataona. Nikamwambia, "Jumanne nitakuja Kimara, tulipeleke taratibu Temeke kwa mzee wangu, ana vifaa." Akafurahi sana. Akamuaga kila mtu, mpaka watoto.

Niliona haya. Mwalimu amekufa kwa sababu mie niliona haya. Nimelifikiri jambo hili tangu siku ile na kila nikiligeuza naliona upande huohuo.

Jumanne ndiyo hiyo niliyoanza nayo.

Hospitali, Deodati alikuja kesho yake mchana na mfuko wa machungwa. Akakaa kitandani, akainamia sikio langu kama anayenifariji.

"Braza, umeshasema nini?"

"Sijasema."

"Basi hapohapo. Maana ukisema la difu, wataniuliza mimi na watakuuliza wewe, na mkono wangu mimi haujui hata spana inashikwaje."

Ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilinifunga mdomo.

Akafuata mkaguzi wa magari, Mashaka, na jalada lake. Aliyekwenda kukagua lile gari ni yeye. Hakuniuliza kitu. Alinisomea alichokwisha kuandika, mwendo kasi, uzembe wa dereva, akaniwekea kalamu mkononi. "Shahidi, weka sahihi hapa." Nikaweka.

Na jioni Mama Upendo akaja, kanga nyeusi, ameshikwa mkono na dada yake. Msiba uko nyumbani kwake, watu wamejaa, yeye kapanda basi mpaka hospitali aniulize swali moja.

"Baba Zaituni, alikuwa anakimbia?"

Nikamwambia, "Sijui, shemeji. Nilikuwa nimeinama."

Aliniangalia kidogo. Akasema pole. Mie ndiye niliyepewa pole.

Mzee Mwinshehe alikuja Alhamisi. Alikuwa amesikia kwamba gari lilikuwa linaletwa kwake, basi kabla ya kuja kuniona akapitia uwanja wa kituo cha polisi lilipovutwa, alale chini yake aangalie, maana ndiyo tabia yake, hawezi kusikia habari ya gari bila kuliona. Akavuta kigoda karibu na kitanda.

"Difu haipo," akasema.

"Haipo vipi, Mzee?"

"Ekseli ipo, magurudumu yapo, bonge la katikati limetolewa. Boliti zimefunguliwa kwa spana, moja moja, hata nyuzi hazikukwaruzwa. Gari lililopinduka halijifungui boliti, Shomari." Akanitazama usoni. "Ulilisha?"

Mbele yake sikuweza kudanganya. "Nililisha."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

"Na alikueleza? Mwenye gari, alikueleza?"

"Aliimba, Mzee. Aliiga kila kitu."

Akainuka, akaiweka sawa kofia yake, akarudisha kigoda alipokitoa. Hakuja tena. Nilipopata nafuu nilimwendea kibandani Temeke na magongo yangu, mara mbili. Alinipokea salamu, akaendelea na kazi. Alivyofariki nilikwenda kuzika, nikasimama nyuma kabisa. Wenzangu wa karakana walikuwepo. Hata mmoja hakusema "zulia."

Mguu ulipona kwa kupinda. Huwezi kulala chini ya gari na mguu kama huu, huwezi kukanyaga klachi. Bado ni mtu wa makamo, wenzangu wa rika langu wana gereji na mafundi chini yao, mie ni mstaafu tangu wakati ule. Nilikuwaga nakwenda kukaa kwenye gereji za watu, vijana wananipa benchi, "Shikamoo mzee, hebu tusaidie kusikiliza hii," nasikiliza, nawaambia. Siku hizi siendi sana.

Lakini mguu si habari. Habari ni Kimara. Mama Upendo aliuza kuku wote mwaka uleule. Kanisani wengine waliacha kumtaja Mwalimu kwa sababu hawakujua wamtaje vipi, mtu aliyekuwa anawafundisha vijana utaratibu kafa kwa uzembe. Na yule binti yao, Upendo, alikua na maneno ya wenzake shuleni: "Baba yako alikuwa na haraka ya wapi?" Mtoto wa mtu ambaye alikuwa anaendesha kama amebeba mayai hata siku asiyobeba mayai.

Mwaka jana nikaenda. Nilimkuta Mama Upendo barazani anachambua mchele. Nikakaa kwenye ngazi nikamwambia yote, ndizi, unga, mara mbili, haya yangu ya Jumapili ile, sahihi yangu, na neno "nimeinama." Mikono yake haikusimama, ilichambua mchele mpaka nilipofika mwisho.

"Nilijua hakukimbia," akasema. "Nimekaa naye ndani ya ile gari. Nilikuwa namwambia, Baba Upendo, ongeza kidogo basi, mayai yataanguliwa njiani." Akapepeta, akaweka ungo chini. "Sasa wewe umekuja kutua mzigo wako hapa kwangu. Haya, umetua. Mimi wangu nautulia wapi?"

Nikafungua mdomo nimwombe msamaha.

"Usiniombe msamaha mimi, Baba Zaituni, bado. Nenda kaseme palipoandikwa. Wakishaandika upya, njoo, nitakuwepo."

Nikaenda kituoni. Kijana mmoja mstaarabu akanipokea, shikamoo mzee, karibu kiti. Akatafuta. Akaja kuniambia faili ni la zamani, halionekani, na aliyeliandika ameshastaafu. Nikamwambia yupo, namjua, anajenga Mbezi Luis. Akacheka kwa heshima. "Mzee, mambo ya zamani hayo." Nikamwambia kuna mjane Kimara kwake si ya zamani. Akasema atanipigia. Simu yenyewe sina, nilimwachia namba ya jirani. Jirani hajapigiwa.

Ndiyo nikaona niandike, na yeyote anayeweza kusoma asome.

Deodati. Upo, una nyumba Mbezi Beach, na watu wanakuita mzee. Wewe uliagiza ile difu ilishwe, na mara ya pili ulimkalisha Mwalimu kivulini kwa chai ili asione. Mashaka. Wewe uliandika mwendo kasi kuhusu gari lililokosa difu, na mkaguzi anayeliinamia gari hawezi asione kwamba difu haipo. Mie langu nimeshalijibu humu, kwa jina langu, na yeyote anayetaka kunipeleka popote kwa ajili yake anikute Tandika, sikimbii, na hata ningetaka mguu haunipi.

Linalobaki siwezi kulijibu mie. Ajali ilikuwa Jumanne. Mzee Mwinshehe alifika Alhamisi. Katikati pana Jumatano moja, na gari lilikuwa ndani ya uwanja wenye geti na mlinzi. Nani aliingia Jumatano ile na spana akazifungua boliti zile moja moja, na nani alimfungulia geti? Mmoja wenu ajibu. Na asinijibu mie. Aende Kimara, mchana, watu wakiwepo, akaseme mbele ya Mama Upendo, na Upendo aitwe asikie.